Paka dume akishindwa kukojoa, usingoje kesho

MIMI ni tabibu wa binadamu, si wa wanyama. Hata hivyo, miaka mingi ya kuketi kliniki imenionyesha kwamba mgonjwa akishamaliza kueleza lililomleta, aghalabu huwa na swali jingine la pembeni. Pengine ni kuhusu mtoto wa jirani, pengine ni kuhusu nyanya aliye mashambani, na mara nyingine ni kuhusu paka. "Daktari, paka wangu amefunga choo. Tangu jana anachuchumaa tu na hakuna kinachotoka. Nimpe dawa gani?"

Nami humuuliza swali moja: ni dume au jike? Akinijibu kuwa ni dume, humwambia kwamba huenda hakufunga choo hata kidogo. Huenda njia yake ya mkojo imeziba, na ikiwa ndivyo, mnyama huyo anaweza kufa katika muda wa siku mbili au tatu asipotibiwa.

Ndiyo sababu, mpenzi msomaji, nimeona vyema wiki hii tuzungumzie maradhi haya. Watu wengi mijini wanafuga paka ndani ya nyumba, na wengi wao hawajui kuwa kuna ugonjwa kama huu mpaka siku wanapompoteza mnyama wao. Matibabu yenyewe ni kazi ya daktari wa mifugo. Langu ni kukueleza kinachotendeka mwilini, ili uitambue hatari mapema na usipoteze saa zenye thamani ukijaribu hili na lile.

Kwa nini dume?

Mwili wa paka hutengeneza mkojo kama wetu. Figo mbili huchuja damu mchana na usiku na kutoa maji yaliyobeba taka. Maji hayo hushuka hadi kwenye kibofu, yakakaa humo kwa muda, kisha hutoka nje kupitia mrija wa mkojo.

Mrija wa paka jike ni mfupi na mpana kiasi. Wa dume ni mrefu, na huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyokaribia ncha ya uume. Huko mwishoni tundu lake halifiki sana upana wa milimita 1. Ukitaka kupata picha, tazama kigololi kidogo kilicho kwenye ncha ya kalamu ya Bic. Tundu la ukubwa kama huo halihitaji kitu kikubwa kuliziba.

Kwa sisi wanadamu, mkojo kuziba ni shida ya wanaume wazee hasa, kwa sababu tezi iliyo chini ya kibofu huvimba kadiri umri unavyosonga. Kwa paka mambo ni tofauti. Wanaopatwa zaidi ni madume wa makamo, wenye nguvu zao, ambao jana walikuwa wakicheza sebuleni. Walio katika hatari kubwa zaidi ni wanene, wanaoshinda ndani na wanaokula chakula kikavu peke yake.

Kinachoziba ni nini?

Kuna mambo matatu ambayo huleta hali hii, na mara nyingi huja pamoja.

La kwanza ni kizibo laini. Kibofu kikiwa kimewashwa hutoa ute. Ute huo huchanganyika na chembe za kuta za kibofu na chembe ngumu kama mchanga mwembamba, ambazo wataalamu huziita fuwele. Mchanganyiko huo hushuka na kukwama pale penye wembamba.

La pili ni mawe. Fuwele zikishikamana hukua na kuwa kijiwe, na kijiwe kikiingia katika mrija hakipiti. Aina mbili za mawe ndizo hupatikana sana. Moja huitwa struvaiti, nayo hutokana na magnesiamu, amonia na fosfeti katika mkojo mzito usio na asidi ya kutosha. Nyingine ni ya oksaleti ya kalsiamu. Katika miaka ya 1980, baada ya kugunduliwa kwamba vyakula vikavu vya wakati huo vilichangia mawe ya struvaiti, watengenezaji wa vyakula vya paka walipunguza magnesiamu na kuvifanya viongeze asidi katika mkojo. Mawe ya struvaiti yalipungua, lakini yale ya oksaleti yakaongezeka. Kwa hivyo chakula cha dukani, hata kiwe cha bei gani, si kinga kamili.

La tatu ni kibofu na mrija kuvimba na misuli kukaza, bila jiwe wala kizibo. Wafugaji wengi hushangaa wakielezwa hivi, kwani sisi binadamu tumezoea kudhani kwamba kila ugonjwa wa njia ya mkojo huletwa na viini. Kwa paka wachanga na wa makamo viini ni nadra. Utafiti wa wataalamu kama Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ulionyesha kwamba baadhi ya paka huvimba kibofu kwa sababu ya wasiwasi. Kuhama nyumba, kuletewa paka mwingine, kelele za ujenzi, mgeni wa muda mrefu au mtoto mchanga nyumbani ni mambo yanayoweza kumtibua paka mpaka kibofu chake kikawaka.

Saa zinavyokwenda

Hebu tufuate yanayotendeka pindi njia inapozibwa.

Katika saa za mwanzo figo huendelea kuchuja kana kwamba hakuna lililotokea. Kibofu hujaa, kikanyooka na kuwa kigumu. Maumivu yake ni makali. Mwanamume yeyote aliyewahi kuletwa hospitali mkojo ukiwa umeziba anaweza kukueleza.

Baadaye mkojo ukikosa pa kwenda hurudisha shinikizo juu kwenye figo, nazo hushindwa kuchuja. Ndani ya siku moja au mbili taka ambazo zingetoka hurundikana katika damu. Paka huanza kutapika, huacha kula na kulegea.

Lakini kinachoua haraka zaidi si taka hizo. Ni potasiamu, madini yale yale yaliyomo katika nyama, ndizi na viazi. Moyo hupiga sawasawa iwapo tu kiasi cha potasiamu katika damu kimebaki ndani ya mipaka midogo sana, na kazi ya kuondoa ziada ni ya figo. Figo zikikoma potasiamu hupanda, na moyo hupunguza mwendo, ukayumba na hatimaye kusimama. Ndiyo potasiamu hiyo hiyo inayotutia hofu hospitalini tunapompokea mtu ambaye figo zake zimekwama.

Kuna jambo moja la kutia moyo. Figo za paka huyu kwa kawaida hazina ugonjwa wao wenyewe. Zimekomeshwa tu na njia iliyozibwa. Njia ikifunguliwa mapema, nyingi hupona na kurudia kazi yake. Kifo hiki kinaweza kuzuiwa, mradi mwenye paka atambue mapema.

Dalili za kutazama

Paka ana tabia ya kuficha maumivu, kwa hivyo mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuwa macho. Dalili za mapema ni hizi:

- Huenda mara kwa mara kwenye karai lake la mchanga, akachuchumaa kwa muda mrefu, na hakuna kinachotoka au hutoka matone tu.
- Hulia kwa sauti isiyo ya kawaida anapojaribu kukojoa.
- Hujilamba sehemu za siri bila kukoma.
- Hujaribu kukojoa mahali pasipo pake, kwa mfano kwenye sinki, bafuni au juu ya kitanda.
- Matone yakitoka huwa na damu.
- Hujificha na hataki kushikwa tumboni.

Dalili za hatari kubwa ni kutapika, kukataa chakula, mwili kuwa baridi, kulala ubavu na kushindwa kusimama. Akifika hapo hesabu yako si ya siku tena bali ya saa.

Kosa linalofanyika sana ni lile la kudhani kwamba paka amefunga choo, kwa kuwa anavyojikaza ni vile vile. Usikisie. Tazama mchanga wake. Paka mwenye afya hukojoa takriban mara mbili hadi nne kwa siku, na mchanga huonyesha mabonge yenye unyevu. Mchanga ukiwa mkavu na paka amekuwa akichuchumaa, chukulia kwamba mkojo umeziba mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Ikiwa paka wako hukojoa nje na hujui, mfungie katika chumba kimoja chenye karai na umtazame, lakini usifanye hivyo usiku kucha. Akichuchumaa mara kadhaa bila kutoa kitu, mpeleke.

Unaweza kumgusa tumbo taratibu karibu na miguu ya nyuma. Kibofu kilichojaa huhisika kama limau au chungwa gumu. Gusa tu, usibonyeze. Wako watu wanaodhani watamsaidia kwa kuukamua mkojo utoke. Kibofu kilichonyooka hivyo kinaweza kupasuka.

Usimpe dawa zako

Nasisitiza hapa kwa sababu dawa hizi ni zetu, na sisi ndio tunaozijaza kabatini mwenu.

Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini la binadamu lina uwezo wa kuivunja na kuitoa. Ini la paka limepungukiwa na uwezo huo. Hugeuka kuwa sumu inayoharibu chembe za damu mpaka zishindwe kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya udongo au samawati, uso huvimba, na pumzi hukata. Kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Nusu yake pia si salama.

Dawa nyingine za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo si za kumpa, kwani huumiza figo ambazo tayari zimelemewa.

Kuna wanaofikiria kumpa kidonge cha kuongeza mkojo, kile wanachotumia wazee wenye shinikizo la damu. Fikiria tangi lililozibwa bomba la kutokea, nawe unazidi kufungulia maji yanayoingia. Ndivyo dawa hiyo inavyofanya.

Viuavijasumu vilivyobaki kutoka kwa mtoto havifungui mrija. Dawa ya kulainisha choo haifiki kwenye kibofu. Maji ya mitishamba ya kumlazimisha kunywa yanaweza kumpalia. Kila jaribio la namna hii lina madhara mengine pia: hupoteza saa tano au sita ambazo zingemwokoa.

Nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kumbuka kwamba anayeuza dawa katika duka la agrovet si lazima awe daktari. Kwa wakazi wa Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari wa mifugo katika bewa lake la Upper Kabete, na huko kuna kliniki ya wanyama wadogo. Popote ulipo, tafuta leo nambari ya simu ya daktari anayepokea wagonjwa usiku na uibandike ukutani jikoni, kwa sababu paka hachagui saa ya kuugua.

Daktari atafanya nini?

Ni vyema ujue, ili usishtuke ukielezwa. Kwanza atapima damu, hasa potasiamu, na kusikiliza moyo. Paka akiwa taabani atatiwa dripu, na pengine kudungwa kalsiamu ya kuulinda moyo na sukari ya kuishusha potasiamu, kabla mrija haujaguswa. Mara nyingine hunyonywa mkojo kwa sindano kupitia tumboni ili kupunguza shinikizo.

Kisha hupewa dawa ya usingizi na ya maumivu. Mpira mwembamba sana huingizwa katika mrija na maji safi ya chumvi ya hospitali husukumwa ili kukiondoa kilichokwama. Kibofu husafishwa, na mara nyingi mpira huachwa mahali pake kwa siku moja hadi tatu. Katika muda huo figo zilizofunguka zinaweza kumwaga mkojo mwingi ajabu, na ndiyo sababu dripu haiondolewi upesi. Picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti huonyesha kama kuna mawe yanayohitaji upasuaji.

Mwulize daktari kama ugonjwa unaweza kurudi. Jibu la kweli ni kwamba unaweza, na hatari ni kubwa zaidi katika siku na wiki za kwanza baada ya paka kutoka kliniki. Kwa paka anayezibwa mara kwa mara kuna upasuaji wa kuiondoa ile sehemu nyembamba ya mrija na kutengeneza tundu pana zaidi. Hupunguza sana kuziba, ingawa hauondoi kuvimba kwa kibofu.

Matibabu haya hugharimu pesa, na si kila nyumba inazo. Uliza gharama mapema bila haya na umweleze daktari uwezo wako. Ikiwa haiwezekani kabisa, kumwomba daktari amlaze paka usingizi wa mwisho bila maumivu ni utu kuliko kumwacha afe kwa siku tatu chini ya kitanda.

Kinga huanza na maji

Mababu wa paka wetu walikuwa paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mnyama wa nchi kame hujifunza kubana maji. Figo zake hutoa mkojo mzito, na hana hamu kubwa ya kunywa, kwa sababu alizoea kupata maji ndani ya mawindo. Asilimia 70 hivi ya mwili wa panya ni maji. Chakula kikavu cha mfukoni kina takriban asilimia 10 tu. Paka anayekula kikavu peke yake anapaswa kufidia kwa kunywa, na wengi hawafidii vya kutosha. Mkojo huwa mzito, na katika mkojo mzito fuwele huungana kwa urahisi.

Kwa hivyo mpe chakula chenye majimaji kila uwezapo, cha mkebe au cha kupikwa nyumbani. Wengi wetu tunawalisha paka omena. Usimpe zikiwa kavu. Zichemshe kwa maji mengi bila chumvi, na umpe pamoja na mchuzi wake. Usitie vitunguu wala vitunguu saumu, kwani huharibu damu ya paka. Omena na ugali pekee havimtoshelezi, mchanganyie nyama au chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya paka.

Weka vibakuli viwili au vitatu vya maji safi mahali mbalimbali, mbali na karai la mchanga. Badilisha maji kila siku. Paka wengine hupenda maji yanayotiririka, na kufungua mfereji kidogo wakati upo karibu hakudhuru. Maziwa si badala ya maji, na paka wengi wakubwa huharisha wakinywa.

Mpunguze uzito taratibu na umchezeshe kila siku, hata kwa kamba. Karai la mchanga lioshwe na liwe mahali patulivu. Paka wakiwa wawili, makarai yawe matatu. Ukihama nyumba au ukileta mnyama mwingine, mwachie paka chumba chake cha kujificha kwa siku kadhaa.

Je, kumhasi ndiko kunakoleta ugonjwa?

Wengi huniuliza hivi. Zamani iliaminika kwamba paka akihasiwa mapema mrija wake hubaki mwembamba. Uchunguzi uliopima mirija ya paka waliohasiwa na wasiohasiwa haukuona tofauti ya maana. Ni kweli kwamba wanaougua wengi wamehasiwa, lakini paka aliyehasiwa hunenepa na kutulia nyumbani, na unene na uvivu huchangia. Kuhasi kuna faida zake, hasa mijini ambako paka wasio na wenyewe wamejaa, kwa hivyo usikuache kwa hofu hii. Mpimie chakula tu.

Ikiwa unamiliki paka dume, tazama mchanga wake leo jioni kabla ya kulala, kisha ufanye hivyo kila siku unapousafisha. Ukiukuta mkavu naye anachuchumaa, mtie kikapuni, mpigie daktari simu kumwambia kwamba unamleta paka dume asiyekojoa, na uondoke nyumbani papo hapo.